Kidonda cha mguu kisichofunga: mwongozo kutoka maji ya chumvi hadi pampu ya kufyonza

Kidonda cha mguu kilichopita wiki sita bila dalili ya kufunga kina sababu, na mara nyingi sababu hiyo haiko ndani ya kidonda. Iko kwenye vena zisizorudisha damu juu, kwenye ateri iliyoziba, kwenye unyayo uliokufa ganzi kwa kisukari au ukoma, au kwenye damu yenyewe kama ilivyo kwa mgonjwa wa selimundu. Ndiyo maana mtu anapakwa jivii (ile dawa ya zambarau, GV), unga wa antibayotiki, majani na asali mwaka mzima, na kidonda kinabaki palepale. Vifaa vipya vya kutibu vidonda vipo na vinafanya kazi, lakini hakuna hata kimoja kinachoshinda sababu iliyoachwa bila kuguswa.

Mwongozo huu ni wa wauguzi na matabibu wa zahanati na vituo vya afya vya Kigoma na Tabora, na wa ndugu wanaofunga kidonda nyumbani kati ya kliniki moja na nyingine. Kazi za ndugu zimetajwa waziwazi. Zilizobaki ni za mtaalamu.

Hatua ya 1: Jua ni kidonda cha aina gani

Angalia kilipo. Kidonda cha vena hukaa juu kidogo ya kifundo, mara nyingi upande wa ndani. Hakina kina, kinatoa maji mengi, na ngozi inayokizunguka imekuwa ngumu na ya rangi ya kahawia iliyokolea. Cha ateri hukaa kwenye vidole, kisigino au pembeni mwa mguu. Kingo zake kama zimekatwa kwa mkasi, ndani kumepauka, na mgonjwa huamka usiku kwa maumivu mpaka ananing'iniza mguu nje ya kitanda. Cha ganzi hukaa chini ya unyayo, kwenye kitako cha kidole gumba au mahali mfupa unapobonyea, kimezungukwa na ngozi nene, na mwenye nacho anatembea nacho bila kulalamika. Kutolalamika huko ndiko kunakomfanya achelewe.

Ganzi hupimwa bila kifaa. Mwambie mgonjwa afumbe macho. Mguse kwa ncha ya kidole chako cha shahada, kwa wepesi, sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano cha kila mguu. Usibonyeze wala usigonge, kwa sababu mtu asiyehisi mguso anaweza kuhisi msukumo. Asipohisi sehemu mbili au zaidi kati ya hizo sita, mguu una ganzi. Hapo pima sukari siku hiyohiyo, kisha mvue shati uangalie kama kuna mabaka ya ngozi iliyopauka yasiyohisi. Ukoma bado upo, na dawa zake hutolewa bure.

Baadaye inakuja damu inayofika mguuni, kipimo kinachorukwa kuliko vyote. Tumia mashine ya kawaida ya presha pamoja na dopla ndogo ya mkononi, kifaa kinachosikilizisha damu inavyopita kwenye mshipa. Mgonjwa alale chali dakika kumi. Pima presha ya juu kwenye mikono yote miwili, chukua iliyo kubwa. Funga mkanda wa mashine juu tu ya kifundo, kidonda kikiwa kimefunikwa kwa plastiki safi, weka dopla juu ya ateri ya mgongo wa mguu, jaza upepo mpaka sauti ipotee, kisha uachie polepole mpaka irudi. Namba hiyo igawanye kwa ile ya mkono. Mguu ukiwa 110 na mkono 130, jibu ni 0.85. Kati ya 0.8 na 1.3 mguu unaweza kubanwa kwa bendeji. Chini ya 0.8 usibane kwa nguvu. Chini ya 0.5 usibane kabisa, andika rufaa. Juu ya 1.3 maana yake ateri zimekakamaa, jambo la kawaida kwa wenye kisukari cha muda mrefu, na namba hiyo haina thamani.

Vituo vingi havina dopla ila vina oksimita ya kidole, na inasaidia. Ibane kwenye kidole cha mguu kilichopashwa joto, jaza mkanda wa kifundoni mpaka mawimbi yapotee kwenye kioo, achia taratibu, andika presha ambayo mawimbi yanarudi. Fanya vivyo hivyo kwa mkono na kidole chake, kisha gawanya. Mguu wa baridi, kucha nene au rangi ya kucha vitakupa jibu la uongo. Dopla ya wodi ya wazazi ya kusikiliza mapigo ya mtoto si mbadala mzuri: imetengenezwa kwa mishipa ya kina, na ateri ndogo ya mguu inaweza kuikosa hata kama damu inapita.

Kijana mwenye kidonda kifundoni na maumivu makali kuliko ukubwa wa kidonda chenyewe, mpime selimundu na wingi wa damu kabla ya kuhangaika na dawa za kupaka.

Hatua ya 2: Pima ukubwa, piga picha

Weka rula ya karatasi kando ya kidonda, andika tarehe juu yake, piga picha kwa simu kutoka sentimita 30 hivi, mwanga ukitokea dirishani, flashi ikiwa imezimwa. Pima urefu mkubwa zaidi, kisha upana unaoukata urefu huo. Sentimita 6 kwa 4 ni sentimita za mraba 24. Rudia kila wiki, mtu yuleyule akiweza. Kidonda cha mguu wa kisukari kisichopungua nusu ya eneo lake ndani ya wiki nne hakielekei kupona kwa njia unayotumia; rudi hatua ya 1 kabla ya kubadilisha dawa. Picha isiwe na uso wala jina, na isirushwe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Kidonda cha zaidi ya miezi mitatu ambacho kingo zake zimevimba na kujikunja nje, au chenye nyama inayoota kama koliflawa na kutoka damu kikiguswa, kikatwe kipande kwa uchunguzi. Saratani huota ndani ya vidonda na makovu ya zamani, hasa ya moto.

Hatua ya 3: Safisha

Hii ndugu anaweza kuifanya nyumbani. Chemsha maji lita moja, yatokote dakika kumi, funika. Yakiwa bado moto tia chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, kilichosawazishwa kwa kisu. Ni kama gramu 9. Chumvi ya Uvinza ya punje kubwa isagwe kwanza, la sivyo kijiko kitadanganya kwa kuwa punje kubwa huacha nafasi katikati. Tumia yakiwa vuguvugu, maana kidonda kilichopozwa kwa maji ya baridi huchukua muda kuanza tena kazi yake. Yakibaki mpaka kesho, mwaga.

Maji yapite kwa msukumo kiasi. Sirinji ya mililita 20 yenye sindano ya geji 18, ikishikwa sentimita chache kutoka kwenye kidonda, inatosha. Nyumbani, chupa safi ya plastiki yenye kifuniko kilichotobolewa kwa sindano iliyochemshwa inafanya kazi hiyohiyo ukiiminya. Endelea mpaka maji yanayotoka yawe safi. Usisugue kwa pamba, nyuzi zake hubaki ndani.

Spiriti, jivii na iodini kali ya kila siku viachwe. Vinaua vijidudu, ndiyo, na vinaua pia chembe changa za ngozi zinazojaribu kutambaa kutoka kingoni. Kuna wakati dawa ya kuua vijidudu inahitajika: usaha wa kijani wenye harufu tamu ya kukera, dalili ya bakteria wanaopenda vidonda vyenye maji. Chukua siki nyeupe ya asilimia 5, mililita 100, changanya na maji yaliyochemshwa mililita 400. Unapata asilimia 1. Lowesha gozi, weka juu ya kidonda dakika kumi hadi kumi na tano, suuza kwa maji ya chumvi. Mara moja kwa siku, siku tano hadi saba, kisha acha. Kwa harufu ya uozo, vidonge vya metronidazoli vilivyosagwa laini na kunyunyiziwa huituliza. Ni msaada wa harufu, hautibu uambukizo ulioingia ndani.

Antibayotiki za kumeza ni kwa wekundu uliovuka sentimita 2 kutoka kingoni, joto, uvimbe mpya, homa, au mfupa unaoguswa. Kupeleka usaha maabara kutoka kila kidonda ni kupoteza fedha: kila kidonda sugu kina bakteria, na maabara itawakuta. Kinga ya pepopunda, kwa upande mwingine, iulizwe siku ya kwanza.

Hatua ya 4: Ondoa kilichokufa

Nyama ya kijivu, utando wa njano uliong'ang'ania na ngozi nene ya kingoni vitolewe na aliyefundishwa, kwa wembe wa upasuaji na koleo, mpaka pale panapoanza kutoa vitone vya damu. Kwa kidonda cha unyayo, kazi kubwa ni ile ngozi nene: ikiachwa hugeuka jiwe ndani ya kiatu na kubonyeza kidonda kila hatua. Loweka mguu maji ya vuguvugu dakika 20 kwanza, ukiyapima kwa kiwiko cha mkono wako. Mguu wenye ganzi haujui moto, na watu wameungua hivyo.

Kuna kisichoguswa. Kisigino cheusi, kikavu, kigumu, kisicho na usaha, kwenye mguu wenye damu hafifu, kiache kikavu hivyohivyo. Ukikifungua umebadilisha kifuniko kwa shimo lisilo na damu ya kulijaza.

Hatua ya 5: Funika kikiwa na unyevu

Mwaka 1962 George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba jeraha lililofunikwa likabaki na unyevu huota ngozi haraka kuliko lililoachwa likauke na kufanya gaga. Kidonda kiwe na unyevu kidogo, ngozi ya pembeni iwe kavu. Ipake vaselini au oksidi ya zinki kabla ya kufunga.

Tabora watu watauliza asali, na haki yao kuuliza. Asali hufyonza maji kutoka kwenye nyama kwa sababu ina sukari karibu asilimia 80, ina ukali wa tindikali, na ikizimuliwa na maji ya kidonda kimeng'enya chake hutoa haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo. Asali ya hospitali huuzwa ikiwa imeuliwa vijidudu kwa mionzi. Haichemshwi, kwa sababu moto unaua kimeng'enya na unaziacha hai mbegu za bakteria wanaohimili joto.

Ya mionzi isipopatikana na daktari akaamua kutumia ya msituni, masharti ni haya. Itoke kwenye masega yaliyozibwa, yasiyo na majana; ichujwe, isikamuliwe kwa mikono; isiwe imepashwa moto wala isiwe na masizi ya moshi wa kurinia. Maji yake yapimwe kwa refraktomita, kifaa ambacho vikundi vingi vya wafugaji nyuki wanacho: iwe chini ya asilimia 20. Asali inayotoa povu au kunukia pombe ni ya kutengeneza wanzuki. Na itumike kwenye kidonda cha juujuu kilichokwisha safishwa tu. Kwenye shimo refu, nyama iliyooza au mfupa ulio wazi usiipeleke.

Paka kwenye gozi, si kwenye kidonda: mililita 20 kwa kipande cha sentimita 10 kwa 10. Juu weka gozi kavu nene, funga. Siku za kwanza badilisha kila siku kwa sababu maji hutoka mengi na asali iliyozimuliwa haifanyi kitu. Yakipungua, kila siku mbili au tatu. Itawasha kwa robo saa hivi. Ikiendelea kuuma saa nzima, suuza na uache. Miguu ya kitanda isimamishwe kwenye makopo ya maji, sisimizi watakuja. Kwa vidonda vya vena asali haijaonyesha kuzidi bendeji ya kubana, kwa hiyo isichukue nafasi yake.

Gozi kavu ikishika kidonda, kila kubandua ni kurudi nyuma wiki. Kigoma kuna kitu cha bure: jani la mgomba. Hospitali za Mumbai, India, zimelitumia kwa majeraha ya moto na sehemu zilizochunwa ngozi ya kupandikiza, likiwa limebandikwa kwenye kitambaa cha bendeji na kupitishwa kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke. Uso wake una nta, haushiki. Otoklevu ndiyo inayolifanya liwe kifaa cha tiba. Lililokatwa shambani na kuoshwa kwa maji ya bomba ni jani tu.

Ngozi ya samaki nayo imeingia kwenye tiba: ya chewa kutoka Iceland kwa vidonda sugu, ya sato huko Brazili kwa walioungua. Zote husafishwa na kuuliwa vijidudu kiwandani au maabara. Sato wa sokoni Kibirizi aende kwenye sufuria.

Hatua ya 6: Ondoa mzigo mguuni

Hapa ndipo vidonda vinapona, na ndipo fedha kidogo hufanya kazi kubwa.

Kidonda cha vena kibanwe. Tumia bendeji ya krepu, ile inayovutika, ya upana wa sentimita 10. Mguu ukunjwe pembe mraba kama mtu aliyesimama. Zungusha pamba ya kutandikia kwanza, nene zaidi juu ya mfupa wa muundi na nyuma ya kisigino. Anza kwenye kitako cha vidole, pita kisigino, panda mpaka vidole viwili chini ya goti, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Tatizo la krepu ni kwamba kila mkono unaivuta tofauti. Kabla ya kufunga, chora kwa kalamu mistatili kwenye bendeji, sentimita 2 kwa kufuata urefu wake na 3 kwa upana. Ukivuta mpaka mstatili ugeuke mraba, umevuta nusu zaidi ya urefu wake wa kawaida, na mvuto huo ukae sawa mpaka juu. Msukumo unaotafutwa kifundoni ni karibu mmHg 40. Mguu mwembamba hubanwa zaidi na mvuto uleule, kwa hiyo kifundo chenye mzingo chini ya sentimita 18 kiongezewe pamba. Vidole vikigeuka rangi, vikipoa au kufa ganzi, bendeji ifunguliwe hapohapo, hata kama ni usiku, na ndugu aambiwe hivyo kabla hajaondoka. Wiki ya kwanza rudia kila siku mbili tatu kwa kuwa uvimbe hushuka na bendeji hulegea. Baadaye mara moja kwa wiki.

Unyayo wenye ganzi na kidonda uvishwe POP, plasta ngumu kama ya mfupa uliovunjika, inayogusa mguu wote. Njia hii ilienezwa na daktari Paul Brand akiwatibu wagonjwa wa ukoma India, na mpaka leo ndiyo kipimo cha nyingine zote. Siri yake ni kuugawa uzito mguu mzima, kwa hiyo pamba iwe nyembamba: vipande tu kwenye vifundo, muundi na juu ya vidole. Pamba nyingi hubonyea, mguu hucheza ndani, na unapata kidonda cha pili. Isikanyagiwe mpaka ikauke, siku moja hadi mbili. Ya kwanza ikatwe ndani ya siku tatu hadi saba kwa sababu uvimbe utakuwa umeshuka, kisha ibadilishwe kila wiki. Usiifunge kwenye kidonda chenye usaha, mfupa unaoguswa na kijiti cha chuma, au mguu wenye damu hafifu. Wala usimfunge anayerudi Kalya au Buhingu kwa mtumbwi ambaye hana uhakika wa kurudi wiki ijayo; huyo mpe magongo na viatu vyenye soli ngumu.

Chakula kiingie hapahapa. Mwili unaojenga nyama unataka protini gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kilo kwa siku, yaani gramu 75 hadi 90 kwa mtu wa kilo 60 asiye na ugonjwa wa figo. Gramu 100 za dagaa wakavu zinavuka nusu ya hizo. Na tumbaku, ingawa ndiyo ada ya shule kwa kaya nyingi za Urambo na Kaliua, ikivutwa hubana mishipa midogo ileile tunayoitegemea.

Hatua ya 7: Pampu ya kufyonza

Kidonda kikubwa, safi, chenye damu nzuri, kinachotoa maji mengi, ndicho kinachofaa. Louis Argenta na Michael Morykwas walichapisha mwaka 1997 njia ya sponji na mfyonzo wa mmHg 125 chini ya hewa ya kawaida. Mashine zake za kiwandani ni ghali, lakini ya gozi inafanyika kwenye wodi yenye mashine ya kufyonza inayoweza kutulia kwenye msukumo mdogo. Soma kipimo vizuri: mmHg 125 ni kilopaskali 17 hivi. Mashine ya chumba cha upasuaji iliyoachwa kwenye kilopaskali 60 inavunja mishipa.

Nyoa nywele sentimita 5 kuzunguka kidonda, kausha ngozi kabisa. Kano au mfupa ulio wazi ufunikwe kwa gozi ya vaselini. Tandika gozi iliyoloweshwa maji ya chumvi na kukamuliwa. Laza mpira wa kulishia puani wa saizi 14 au 16, matundu yote yakiwa ndani ya gozi. Tundu moja likibaki nje unafyonza ngozi. Weka gozi ya pili juu. Funika kwa filamu yenye gundi mpaka sentimita 5 kwenye ngozi nzima, na pale mpira unapotokea ubane filamu pande mbili ikutane chini yake, mpira usilalie ngozi. Unganisha na chupa, anza na mmHg 80. Gozi inatakiwa inywee na kuwa ngumu ukiigusa. Isiponywea kuna mwanya: sikiliza mluzi, pitisha kidole kilicholowa pembeni, ongeza filamu. Mara nyingi ni ngozi iliyokuwa na vaselini.

Badilisha kila saa 48 hadi 72. Umeme ukikatika zaidi ya saa mbili, fungua yote na urudi kwenye gozi ya kawaida, kwani uchafu uliofungiwa bila mfyonzo ni mazalia. Damu nyekundu ikijaa mpira, zima, bonyeza, ita daktari. Hairuhusiwi kwenye saratani, mfupa wenye uambukizo usiotibiwa, mshipa mkubwa wa damu ulio wazi, au nyama iliyokufa. Kwa sehemu zisizo na umeme kuna wazo lililokwisha jaribiwa: baada ya tetemeko la Haiti mwaka 2010, Danielle Zurovcik wa MIT alitumia huko pampu ya plastiki ya mkunjo, inayominywa kwa mkono na kuvuta yenyewe inapojikunjua. Inategemea kuzibwa vizuri kuliko hata ya umeme, kwa sababu haina mota ya kufidia mwanya.

Hatua ya 8: Rufaa, na viatu baada ya kupona

Mfupa unaoguswa, vidole vinavyoanza kuwa vyeusi, jibu la chini ya 0.5 kwenye kipimo cha presha ya mguu, homa pamoja na wekundu unaopanda, au wiki nne bila kupungua: hospitali ya Maweni kwa Kigoma, Kitete au Nkinga kwa Tabora. Mgonjwa aende na picha zake na karatasi ya vipimo, ili asianzishwe upya.

Unyayo uliopona hauna nguvu ya ngozi ya zamani, na ganzi haijaondoka. Fundi wa makatambuga anaweza kutengeneza kiatu kinachofaa: soli ya nje ya tairi, ngumu, isiyopindika, ndani mpira laini wa vitundu wa milimita 10 hadi 15, mikanda mipana yenye kifungo nyuma ya kisigino, isiyo na kamba ya katikati ya vidole. Misumari isitumike, gundi na uzi tu. Mpira wa ndani ubonyezwe kwa dole gumba kila mwezi, na usiponyanyuka tena ubadilishwe. Na kila jioni mgonjwa au mtoto wake apitishe mkono ndani ya kiatu, kisha aangalie unyayo kwa kioo kilicholazwa sakafuni. Sehemu yenye joto kuliko mguu wa pili maana yake siku mbili za kupumzisha mguu, kuanzia jioni hiyo.